Joseph Lister na Fumbo la Damu Inayoganda

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Katika wodi za upasuaji za Ulaya ya katikati ya karne ya kumi na tisa, hata hivyo, mawingu hayo yalionekana mvua ikiwa imekwisha kumlowesha mtu. Mgonjwa aliyevunjika mguu alikatwa mguu huo, na upasuaji wenyewe ukapita salama. Siku chache baadaye alishikwa na kitapo, homa ikapanda, ngozi ikabadilika rangi, akaanza kuweweseka, na kabla ya juma kwisha akawa maiti. Madaktari walikuwa na majina ya maradhi hayo. Walichokosa ni njia ya kuyazuia, na pia njia ya kuyatambua mapema. Waliopasua maiti ili kuchunguza sababu za kifo walikuta jambo la kushangaza. Usaha ulikuwa umetapakaa mwilini, na ndani ya mishipa mlikuwa na madonge ya damu iliyoganda mahali ambapo damu ilipaswa kutiririka.

Joseph Lister alikuwa miongoni mwa wachache waliolitazama donge hilo na kujiuliza limetoka wapi. Dunia inamkumbuka kwa jambo jingine, yaani asidi ya kaboliki na vita vyake dhidi ya vijidudu. Jina lake limebandikwa hata kwenye chupa ya dawa ya kusukutua kinywa, Listerine, iliyobuniwa Marekani mwaka wa 1879 na watu wengine kabisa. Lakini kabla hajasikia lolote kuhusu vijidudu, Lister alikuwa ametumia miaka kadhaa akiichunguza damu, na aliyoyagundua wakati huo yanakaribiana mno na yale ambayo daktari wa leo huyatafuta anapomkagua mgonjwa wa sepsisi kali. Sepsisi ndilo jina la sasa la hali ambapo mwili, katika kupambana na maambukizi, hujidhuru wenyewe mpaka viungo vikashindwa kufanya kazi.

Lister alizaliwa tarehe 5 Aprili, 1827 katika kijiji cha Upton, Essex, karibu na jiji la London. Wazazi wake walikuwa waumini wa dhehebu la Marafiki, ambalo wasomaji wa magharibi mwa Kenya wanalifahamu vyema tangu misheni ya Kaimosi ilipoanzishwa mwaka wa 1902. Baba yake, Joseph Jackson Lister, aliuza mvinyo ili kupata riziki, ila moyo wake ulikuwa kwenye lenzi. Mnamo mwaka wa 1830 alichapisha matokeo ya kazi yake ya kuirekebisha hadubini ili picha isizungukwe na ukungu wa rangi, na kwa kazi hiyo akapokewa katika Royal Society mwaka wa 1832. Hivyo basi mtoto alikulia katika nyumba ambamo kutazama vitu vidogo kwa makini lilikuwa jambo la kawaida. Si rahisi kueleza maisha yake bila kuanzia kwenye hadubini hiyo.

Vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge havikuwapa shahada watu wasiokuwa wa Kanisa la Kianglikana, kwa hiyo kijana huyo alipelekwa University College, London. Inasemekana kwamba mnamo Desemba 1846 alikuwa ukumbini Robert Liston alipokata mguu wa mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa etha, tukio lililofungua ukurasa mpya wa upasuaji nchini Uingereza. Ukurasa huo ulikuwa na kejeli yake. Kwa kuwa mgonjwa hakulia tena kwa maumivu, wapasuaji walithubutu kupasua zaidi, na waliopasuliwa zaidi ndio waliooza zaidi. Lister mwenyewe alipatwa na ndui, kisha sonona iliyomlazimu kuacha masomo kwa muda. Alirudi, akahitimu mwaka wa 1852, na mwaka uliofuata akaenda Edinburgh kumtazama James Syme, mpasuaji mashuhuri wa wakati huo, akifanya kazi. Alikusudia kukaa kwa muda mfupi tu. Akageuka msaidizi wa Syme na, mwaka wa 1856, mkwe wake pia.

Agnes Syme hakuwa wa dhehebu la Marafiki, na kumwoa kulimaanisha kuacha dhehebu alimozaliwa. Lister alikubali gharama hiyo. Fungate yao iliwachukua katika hospitali za bara la Ulaya, jambo ambalo huenda bibi harusi mwingine angelilalamikia. Agnes hakulalamika, alikuwa bintiye mpasuaji, na tangu siku hizo akawa mwenzi wa mumewe katika maabara waliyoianzisha nyumbani. Alishika vyombo, alihesabu muda na kuandika kumbukumbu za majaribio, wakati mwingine kwa saa nyingi mfululizo.

Swali la kwanza lililomshughulisha Lister lilikuwa mchochota, yaani ule wekundu, joto, uvimbe na maumivu ambayo mwili huonyesha unapodhuriwa. Alimchukua chura, akautandaza utando mwembamba ulio kati ya vidole vya mguu wake chini ya hadubini, akaona mishipa midogo ikipitisha damu kama vijito. Kisha akaudhuru utando huo kidogo, kwa maji ya moto au kwa kitu chenye kuwasha. Alichoona ni kwamba chembe za damu zilizokuwa zikipita bila kugusana zilianza kwenda polepole, zikanata, zikasongamana, na mwishowe mkondo ukasimama. Matokeo hayo yaliwasilishwa mbele ya Royal Society mwaka wa 1857. Mchochota haukuwa tu jambo la nyama iliyovimba, bali uliigusa damu yenyewe na mishipa inayoibeba.

Mwaka wa 1858 alichapisha makala kuhusu kuoza kwa kiungo kunakosababishwa na mchochota wa mshipa, na ndani yake akauliza kwa nini damu huganda katika mishipa yenye maradhi. Hapa ndipo alipoanza kazi ambayo wengi wa waandishi wa maisha yake huipitia haraka, na wanakosea kufanya hivyo. Ili kulijibu swali lake alikwenda kwenye machinjio. Aliagiza miguu ya kondoo ikiwa imefungwa kwa nguvu kabla ya kukatwa, ili damu ibaki ndani. Wakati huo wataalamu walikuwa na nadharia mbalimbali. Baadhi yao walidai kwamba damu huganda kwa sababu imepoa, au kwa sababu imekoma kutembea, au kwa kuwa imegusana na hewa. Benjamin Ward Richardson, daktari mwenye sifa kubwa, alishikilia kwamba damu hubaki majimaji kwa sababu ina amonia, na kwamba amonia hiyo ikitoroka damu huganda. Nadharia yake ilikuwa imempatia tuzo.

Miguu ya kondoo iliwakanusha wote. Mnyama alikuwa ameliwa zamani, mguu umepoa, damu imetulia tuli, lakini mshipa ulipofunguliwa baada ya siku kadhaa damu ilitoka ikiwa bado majimaji. Ilipomiminwa kwenye chombo, iliganda. Ilipoguswa ndani ya mshipa na kitu kigeni, iliganda pale palipoguswa tu. Lister alifanya majaribio ya namna hiyo mara kwa mara, akibadili jambo moja kwa wakati mmoja, na tarehe 11 Juni, 1863 aliyawasilisha katika hotuba ya Croonian, mojawapo ya hotuba za heshima kubwa za Royal Society. Hoja yake iligeuza swali lenyewe. Watu walikuwa wakiuliza kwa nini damu huganda, naye aliona kwamba la kuulizwa ni kwa nini haigandi. Jibu lake lilikuwa kwamba ukuta wa mshipa wenye afya hauichokozi damu. Vitu vingine karibu vyote huichokoza. Kisha akaongeza jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya: mshipa ukishambuliwa na mchochota hupoteza sifa hiyo ya uhai, na kuanzia hapo huigusa damu kama kitu kigeni kinavyoigusa. Damu nayo huganda, mwenyewe angali hai.

Inafaa kusimama hapo na kuitazama hoja hiyo kwa macho ya leo. Bakteria na sumu zao zinapoingia katika mkondo wa damu, chembe nyeupe na utando wa ndani wa mishipa huamshwa kwa pamoja. Hutokeza protini inayoanzisha kuganda, na wakati huohuo zile njia za kawaida za kuzuia kuganda hudhoofika. Madonge madogomadogo hujitunga ndani ya mishipa ya figo, mapafu, ini na ngozi. Viungo hukosa damu na kuanza kufa. Baada ya hapo hutokea kinyume chake, jambo linalomshangaza kila anayeliona mara ya kwanza: akiba ya vitu vya kugandisha damu huwa imetumika yote, na mgonjwa yuleyule ambaye damu yake iliganda kupita kiasi huanza kuvuja damu kwenye ufizi na pale sindano ilipochomwa. Wataalamu huiita hali hiyo kuganda kwa damu kulikotapakaa mishipani. Ikifikia kuonekana kwa macho, mara nyingi wakati umekwisha kupita.

Kwa sababu hiyo utabibu wa leo huyatafuta mawingu kwa hesabu. Mwaka wa 2001 kamati ya jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kuganda kwa damu ilitoa utaratibu wa alama unaotumia vipimo vinne. Cha kwanza ni idadi ya chembe sahani, zile chembe ndogo bapa zinazokusanyika kwanza penye jeraha. Cha pili ni muda wa prothrombini, yaani sekunde ambazo majimaji ya damu huchukua kuganda yakichokozwa katika maabara, kipimo kilichobuniwa na Armand Quick mwaka wa 1935. Cha tatu ni faibrinojeni, protini ambayo hugeuka nyuzi za donge, na cha nne ni mabaki ya nyuzi hizo zinapovunjwavunjwa. Mgonjwa akipata alama 5 au zaidi huhesabiwa kuwa amekwisha kuingia katika hali hiyo. Utaratibu huo una kasoro moja kubwa kwa wagonjwa wa sepsisi: huwanasa wengi wao wakiwa wamekwisha kuanguka. Mwaka wa 2017 wataalamu, baadhi yao kutoka Japani, walipendekeza utaratibu mwepesi zaidi kwa ajili ya wagonjwa wa sepsisi pekee. Huo huangalia chembe sahani, muda wa prothrombini na kiwango cha kushindwa kwa viungo, na alama 4 hutosha kupiga king'ora. Chembe sahani zikishuka chini ya 150,000 katika mikrolita moja ya damu, alama ya kwanza huandikwa. Zikishuka chini ya 100,000, alama mbili.

Hata hivyo, hesabu moja haitoshi. Mgonjwa aliyekuwa na chembe sahani 300,000 jana na akawa na 160,000 leo bado yumo katika kiwango kinachoitwa cha kawaida, lakini daktari mwangalifu hawezi kulala. Mwelekeo ndio unaosema. Aidha, katika nchi zetu za Afrika Mashariki suala hili lina utata wake, maana malaria hupunguza chembe sahani, na vivyo hivyo homa ya dengi ya pwani. Anayeona zimeshuka hana budi kujiuliza ni mvua ipi inayokuja. Si suala dogo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka wa 2020 yalionyesha kwamba katika mwaka wa 2017 watu wapatao milioni 48.9 waliugua sepsisi duniani na takriban milioni 11 walifariki wakiwa nayo, huku mzigo mzito zaidi ukiziangukia nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara.

Kuna jambo moja ambalo Lister alilikosea. Alidhani ukuta wa mshipa wenye afya hunyamaza tu, haufanyi lolote. Leo inajulikana kwamba hufanya kazi mchana na usiku ili damu isigande, na mojawapo ya kazi hizo ni kuiamsha protini iitwayo protini C. Utando ukiharibika katika sepsisi, kazi hiyo hukoma. Ilionekana busara kumrudishia mgonjwa kile ambacho mishipa yake imepoteza, na mwaka wa 2001 dawa ya protini C iliyokwisha kuamshwa iliidhinishwa Marekani kwa shangwe kubwa. Ilikuwa ya bei ghali, na iliweza kusababisha kuvuja damu. Mwaka wa 2011 iliondolewa sokoni baada ya utafiti mpya kuonyesha kwamba haikuwaokoa wagonjwa waliokuwa katika mshtuko wa sepsisi. Kwa hiyo tiba ya msingi imebaki kuyashambulia maambukizi yenyewe, mapema iwezekanavyo, na kuisaidia mifumo ya mwili wakati vita vikiendelea. Kutambua mapema kuna maana kwa sababu tiba ya kuchelewa ni dhaifu mno.

Lister angeuelewa ugumu huo, kwa kuwa wodi zake zilimfunza. Alikuwa ameteuliwa kuwa profesa wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka wa 1860, na mwaka uliofuata akakabidhiwa wagonjwa katika hospitali kuu ya mji huo. Jengo lake lilikuwa jipya, lakini wagonjwa walikufa humo kama katika majengo makuukuu. Ilipochunguzwa ardhi iliyopakana na wodi za chini, yalikutwa majeneza ya watu waliokufa kwa kipindupindu mwaka wa 1849, yamepangwa moja juu ya jingine, karibu kabisa na uso wa ardhi. Wengi walisema hewa mbaya itokayo hapo ndiyo iliyoua. Wengine walishikilia kwamba usaha mzito, mweupe, ni ishara njema ya jeraha linalopona. Lister alikwenda kutoka kitanda kimoja hadi kingine akiwa na kila alichojua juu ya mchochota na damu, na ujuzi huo haukumwokoa mtu hata mmoja. Alijua kinachotokea ndani ya mshipa. Hakujua kinachokianzisha.

Mwaka wa 1865 profesa wa kemia wa Glasgow, Thomas Anderson, alimwonyesha maandishi ya Louis Pasteur kuhusu kuchacha na kuoza. Pasteur alikuwa amethibitisha kwamba vitu haviozi kwa sababu ya hewa, bali kwa sababu ya viumbe vidogo vinavyobebwa na hewa. Lister aliunganisha mambo. Kama maziwa na nyama haviozi vikikingwa dhidi ya viumbe hivyo, jeraha nalo je? Alikuwa amesikia kwamba mji wa Carlisle ulitumia asidi ya kaboliki kuondoa uvundo wa maji machafu. Akaitafuta. Jaribio lake la kwanza, mnamo Machi 1865, halikufaulu.

Tarehe 12 Agosti, 1865 aliletwa mvulana wa miaka 11, James Greenlees, aliyepitiwa mguuni na gurudumu la mkokoteni. Mfupa ulikuwa umevunjika na ngozi imepasuka juu yake. Mfupa uliovunjika bila kutoboa ngozi uliunga vizuri. Uliovunjika na kutoboa ngozi ulileta kuoza, na kwa kawaida mpasuaji aliuwahi mguu kwa msumeno kabla ya damu kuchafuka. Lister aliuacha mguu. Alilifunika jeraha kwa kitambaa kilicholoweshwa asidi ya kaboliki, akasubiri. Siku ya nne alikifungua na kukinusa. Wakati huo pua ndiyo iliyokuwa maabara ya mpasuaji, na harufu ya kuoza ndiyo dalili ya mapema kuliko zote alizokuwa nazo. Hapakuwa na harufu hiyo. Baada ya majuma sita mfupa uliunga na mvulana akatoka hospitalini na miguu yake yote miwili.

Siku moja tu baada ya James kufungwa kitambaa hicho, tarehe 13 Agosti, 1865, alifariki Ignaz Semmelweis, daktari wa asili ya Hungaria, katika hifadhi ya wagonjwa wa akili karibu na Vienna. Jeraha lilikuwa limetia sumu damu yake. Tangu mwaka wa 1847 alikuwa amewaonyesha madaktari wa Vienna kwamba wakinawa mikono kwa maji ya klorini akina mama hawatakufa kwa homa ya uzazi, naye akapuuzwa. Lister hakuwa amepata kumsikia. Wawili hao walipigana vita vimoja bila kujuana, mmoja akifa kwa silaha ya adui siku ambayo mwingine alikuwa akingoja kuona kama amempata adui huyo.

Habari za njia mpya zilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 1867. Ndani ya makala hayo mna jambo linalorudi kwenye damu. Lister aliona kwamba donge la damu lililobaki katika jeraha, likikingwa dhidi ya kuoza, haliwi uchafu wa kuondolewa. Mishipa mipya huingia ndani yake, nyama hai ikachukua nafasi yake. Donge lilelile linaloua ndani ya mshipa huwa kiunzi cha uponyaji ndani ya jeraha. Kwa mtu aliyetumia miaka akichunguza miguu ya kondoo, ugunduzi huo lazima ulikuwa na utamu wa pekee.

Alitoa pia hesabu. Katika miaka ya 1864 na 1866, kabla ya njia hiyo kushika mizizi katika ukataji wa viungo, wagonjwa 35 walikatwa viungo katika wodi zake na 16 wakafa. Kati ya mwaka wa 1867 na 1869 walikatwa 40 na wakafa 6. Wakosoaji walisema idadi ni ndogo mno kuthibitisha lolote, na kwa haki kabisa hawakukosea: kwa vigezo vya leo hesabu hiyo ingerudishwa kwa mwandishi. Upinzani mwingine haukuwa wa haki. Wapo waliocheka wazo la kwamba kitu kisichoonekana kinaweza kuua mtu mzima, na wapo waliojaribu dawa bila kufuata utaratibu, kisha wakatangaza kwamba haifai.

Baada ya hapo maisha yake yalikuwa ya kupanda ngazi. Mwaka wa 1869 alirudi Edinburgh kuchukua nafasi ya baba mkwe wake. Mwaka wa 1871 aliitwa Balmoral kupasua jipu la kwapani la Malkia Victoria. Mwaka wa 1877 alihamia King's College, London, ambako wanafunzi walimpokea kwa ubaridi mpaka mnamo Oktoba mwaka huo alipofungua kwa makusudi goti la mgonjwa na kuiunga pia ya goti kwa waya, jambo ambalo wengi waliliona sawa na kumhukumu mtu kifo. Mgonjwa alipona. Dunia ilianza kumfuata, Wajerumani wakitangulia na Waingereza wa London wakija nyuma.

Hakuwa malaika. Kwa miaka mingi alipuliza mvuke wa kaboliki hewani wakati wa upasuaji, ukawaunguza mikono na mapafu wasaidizi wake, kabla ya kukiri kwamba hewa si adui mkubwa kama alivyodhani, na kuuacha kabisa mwaka wa 1887. Alirekebisha maelezo ya njia yake mara nyingi hata wafuasi wakachoka. Alikuwa pia miongoni mwa waliopinga wanawake kusomea utabibu pamoja na wanaume, ilhali kila jioni mwanamke ndiye aliyeandika majaribio yake. Ukinzani huo hakuwahi kuutatua, na pengine hakuuona.

Damu hakuiacha kabisa. Mwaka wa 1891, akiwa na umri wa miaka 64, alitoa tena hotuba mjini London kuhusu kuganda kwa damu na umuhimu wake kwa mpasuaji. Wakati huo Giulio Bizzozero wa Italia alikuwa amekwisha kuzieleza chembe sahani, zile ambazo Lister alizikosa katika majaribio yake ya ujana ingawa alikuwa na hadubini bora kuliko wengi. Maelezo ya miaka ya 1860 yalihitaji kufumuliwa na kushonwa upya, na wengine ndio walioifanya kazi hiyo.

Agnes alifariki mwaka wa 1893 kwa nimonia walipokuwa mapumzikoni Rapallo, Italia. Hawakujaliwa watoto. Lister aliendelea na shughuli za heshima: alikuwa Rais wa Royal Society kati ya mwaka wa 1895 na 1900, na mwaka wa 1897 akapewa cheo cha ubaroni, lakini utafiti wake ulikuwa umezimika. Mnamo Juni 1902, siku chache kabla ya Mfalme Edward VII kutawazwa, jipu la tumboni lilimshika mfalme huyo, na mzee Lister alikuwa mmoja wa madaktari walioombwa ushauri kabla ya kupasuliwa. Mfalme alipona, akatawazwa mwezi wa Agosti.

Lister alifariki tarehe 10 Februari, 1912 huko Walmer, Kent, akiwa na umri wa miaka 84. Ibada ya mazishi ilifanyika Westminster Abbey, na pangeweza kupatikana kaburi huko miongoni mwa wakuu wa taifa. Alikuwa ameacha maagizo mengine. Alizikwa katika makaburi ya West Hampstead, kando ya Agnes. Daftari za majaribio zilipelekwa katika chuo cha wapasuaji cha London, ambako kurasa nyingi zinaonyesha mwandiko wa Agnes.